Jirani Ndiye wa Kwanza Kufika

Nyumba inapoungua usiku, mama anaposhikwa na uchungu wa kujifungua mbali na zahanati, au mto unapovunja kingo zake na kuingia mashambani, mtu wa kwanza kufika si mtumishi wa Halmashauri. Ni jirani. Gari la kuzima moto, gari la wagonjwa na kamati ya maafa hufika baadaye, na katika mkoa wenye vijiji vilivyotawanyika kama wetu, baadaye hiyo huweza kuwa saa nyingi. Yanayotendeka katika saa hizo hutendwa na wale wanaoishi karibu.

Ndugu mwananchi, makala hii inaeleza namna ya kuupanga msaada huo wa majirani kabla shida haijabisha hodi, na mahali unapokutana na huduma za Serikali. Hoja yake ni moja. Huruma miongoni mwetu ipo tele, lakini huruma isiyopangwa huchoka mapema, na huwaacha nje wale wasiojulikana na watu. Ikipewa daftari, katiba na njia ya kufikisha taarifa ofisini, hudumu hata katika miaka mibaya.

Mkoa wa majirani wapya

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, mwaka uleule ambao Katavi ilitangazwa kuwa mkoa kamili baada ya kugawanywa kwa Rukwa, ilihesabu watu 564,604 katika eneo letu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Kwa maneno mengine, katika miaka kumi idadi yetu imeongezeka zaidi ya mara mbili. Watoto wengi wamezaliwa, na watu wengi wamehamia kutoka mikoa mingine wakitafuta ardhi ya kulima, malisho, madini na biashara.

Takwimu hizo zina maana kubwa kwa ujirani. Mtu aliyezaliwa na kukulia katika kijiji kimoja anapofiwa, huzungukwa na watu wa ukoo wake: wajomba, mashangazi, binamu na wakwe. Mtu aliyehamia msimu uliopita hana watu hao. Ndugu yake wa tumbo moja yuko safari ya siku nzima au mbili, na huenda akapata habari za msiba wakati kaburi limekwisha kufukiwa. Kwa mtu huyo, usemi kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali si pambo la maneno, maana jirani ndiye pekee aliyepo.

Hata hivyo, yeye ndiye ambaye jina lake halijaingia katika daftari la kikundi cha kuzikana, ambaye hajajua siku ya mkutano wa kijiji, na ambaye mwenyekiti wa kitongoji hajapata kuingia nyumbani kwake. Pengo hili haliwezi kuzibwa na wema wa mtu mmojammoja. Linahitaji utaratibu.

Funzo kutoka Katumba

Historia ya eneo letu ina mfano mkubwa wa watu waliolazimika kuujenga ujirani wao upya kabisa. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwakimbiza watu wengi hadi magharibi mwa Tanzania. Serikali yetu, ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi pamoja na shirika la Kikristo la TCRS, ilifungua makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora na Katumba hapa kwetu, kisha mwaka 1978 yakafuata makazi ya Mishamo, ambayo leo yamo katika Wilaya ya Tanganyika.

Wakati ule maeneo hayo yalikuwa misitu ya miombo. Familia ziligawiwa ardhi, zikapewa zana, mbegu na chakula cha kuanzia. Kazi ya kukata miti, kung'oa visiki, kusimamisha nyumba na kufungua mashamba ikawa yao wenyewe. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa mtu na mkewe peke yao. Huhitaji mikono ya watu wa nyumba ya pili na ya tatu. Kadiri mavuno yalivyopatikana, chakula cha msaada kilikoma, na makazi hayo yakageuka kuwa maeneo yanayotegemewa kwa chakula na kuuza ziada. Mwaka 2010 Serikali iliwakubalia uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo matatu, na kuanzia mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti vyao. Leo Katumba ni mahali pa wapiga kura, walimu, wakulima na wafanyabiashara kama mahali pengine popote.

Tunapata mafunzo mawili hapa. La kwanza limo katika methali tuijuayo sote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia methali hiyo kwa kebehi, kana kwamba inamfukuza mgeni. Kwa kweli inamkaribisha. Anayepewa jembe amepewa nafasi ya kutoa, na mwenye kutoa ana haki ya kupokea zamu yake itakapofika.

Funzo la pili ni kwamba msaada ulikuwa na sehemu mbili. Ardhi, zana na mbegu zilitoka nje ya jumuiya. Kazi na maelewano yalitoka ndani. Majirani wasingeweza kujigawia ardhi wao wenyewe, wala Serikali isingeweza kumjengea kila mtu nyumba na kumlimia shamba. Kila upande ulifanya ambacho upande wa pili usingeweza. Mgawanyo huo wa kazi ndio tunaouhitaji hadi leo.

Shida zote si za namna moja

Ili tujue jambo lipi ni la majirani na lipi ni la ofisi, yafaa tuzitenganishe shida katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni shida ya nyumba moja: kifo, ugonjwa, nyumba kuungua, ng'ombe kufa, mtoto kuhitaji nauli na sare za shule. Siku hiyo nyumba moja imeanguka, lakini nyumba nyingine 20 zimesimama. Hapa majirani wana nguvu kuliko mtu mwingine yeyote.

Fungu la pili ni shida ya wote kwa pamoja: mvua kukatika kabla mahindi hayajabeba, mafuriko, kipindupindu, au bei ya mazao kuanguka. Hapa kila nyumba inahitaji na hakuna yenye ziada. Majirani peke yao hawawezi.

Fungu la tatu ni shida isiyoonekana: mzee asiyetoka ndani, mtu mwenye ulemavu aliyefichwa, mama anayepigwa, mtoto aliyeacha shule kimyakimya. Hapa uwezo wa kusaidia huwa upo, lakini hakuna aliyejua.

Makosa mengi hutokea kwa kuchanganya mafungu haya. Tunakimbilia ofisini kwa jambo ambalo majirani wangelimaliza asubuhi moja. Au tunachangishana hadi kukaukiwa kwa janga ambalo lilipaswa kuripotiwa siku ya kwanza.

Shida ya nyumba moja: nguvu ya mfuko mdogo

Katika kila kata ya Halmashauri yetu vipo vikundi vya kuweka na kukopa, vingi vikiitwa VICOBA, na vipo vikundi vya kufa na kuzikana. Utaratibu wa kuweka hisa kila wiki ulianza mwaka 1991 nchini Niger, miongoni mwa wanawake wa vijijini waliofundishwa na shirika la CARE, ukaingia Zanzibar katika vijiji vilivyo karibu na msitu wa Jozani, kisha ukaenea Tanzania Bara. Umestawi kwa sababu unafanana na yale tuliyoyajua tangu zamani: kula kikoa, kulimiana kwa zamu na kupeana michango ya msiba.

Kikundi kilichopangwa vizuri huwa na mifuko miwili. Mmoja ni wa hisa, ambao wanachama hukopa na kurejesha pamoja na nyongeza kidogo. Wa pili ni mfuko wa jamii, ambao hautafuti faida. Hutolewa kwa mwanachama aliyepatwa na shida kwa viwango vilivyoandikwa katika katiba ya kikundi. Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 25 ambacho kila mmoja huweka shilingi 1,000 kwa wiki katika mfuko wa jamii hukusanya shilingi 25,000 kwa wiki, na shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Fedha hizo haziwezi kujenga nyumba, lakini zinatosha kumpeleka mgonjwa hospitali bila kuuza shamba lake, au kununua jeneza na unga bila mfiwa kwenda kukopa usiku.

Mkopo huo wa usiku unastahili kuzungumzwa waziwazi. Mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu hustawi mahali ambapo mtu ana shida ya leo na hana pa kwenda. Mkopaji huandika rehani ya jiko la gesi, baiskeli, pikipiki au mahindi yaliyo bado shambani, na marejesho huanza kudaiwa baada ya siku chache. Mkopeshaji halali ana leseni, hutoa mkataba wa maandishi na hueleza riba kabla hujatia saini. Asiyefanya hivyo mkwepe, na usimkabidhi mtu yeyote kadi yako ya benki wala namba yako ya siri. Vilevile kaa mbali na upatu unaoahidi kuzidisha fedha zako mara kadhaa kwa kuleta watu wapya. Sheria inauhesabu kuwa kosa la jinai. Mfuko wa jamii wa majirani ndio kinga ya kwanza dhidi ya mambo hayo mawili, kwa kuwa unamwondolea mtu ile haraka inayomfanya akubali masharti mabaya.

Kikundi hulindwa na mambo manne. Kwanza, katiba iandikwe na isomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Itaje ni shida zipi zinazosaidiwa, kwa kiasi gani, na ndani ya siku ngapi. Pili, sanduku liwe na kufuli tatu na funguo zishikwe na watu watatu wa nyumba tofauti, wala si mweka hazina aliyelihifadhi sanduku. Tatu, hesabu zitangazwe mbele ya wote kila wanapokutana. Nne, kikundi kisajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne, na usajili wake hufanyika katika Halmashauri. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaelekeza hatua za kufuata.

Usajili una faida nyingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizi ni mkopo, si zawadi. Kikundi kinachokopa na kutorejesha kimelinyima fedha kundi la majirani lililokuwa likisubiri zamu.

Yupo mtu mmoja ambaye katiba nyingi humsahau: yule asiyeweza kulipa. Mjane aliyekosa michango ya miezi mitatu hufutwa katika daftari, na shida ikimpata mwezi wa nne, hana haki. Kanuni ni kanuni, na kikundi kisicho na kanuni hufa. Lakini njia za kati zipo. Mchango waweza kutolewa kwa kazi: kuchota maji, kufagia mahali pa mkutano, kulinda watoto wakati wa mazishi. Waweza kutolewa kwa mazao wakati wa mavuno badala ya fedha kila wiki. Kikundi chaweza pia kutenga nafasi chache kwa kaya zisizo na uwezo, wanachama wengine wakizibeba kwa pamoja. Kikundi kinachowahudumia wenye nafuu peke yao kimewaacha waliokihitaji zaidi.

Shida ya wote: mahali ambapo mfuko hautoshi

Sasa tuangalie fungu la pili. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Mahindi na mpunga huvunwa baada ya hapo, na wakati wa mavuno bei huwa chini. Kaya huuza gunia ili kulipa madeni, ada na matibabu. Januari na Februari, jembe likiwa mkononi na ghala likiwa tupu, familia hiyohiyo hununua mahindi kwa bei ya juu. Kila nyumba katika kitongoji hupita katika miezi hiyo kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo sababu mfuko wa kikundi huelemewa. Mfuko unaoweza kulisha nyumba moja kwa miezi miwili hauwezi kulisha nyumba 25 hata kwa wiki moja.

Kwa njaa ya msimu, dawa ya majirani ni ghala na si sanduku. Kila nyumba iweke debe kadhaa au gunia moja katika ghala la pamoja wakati wa mavuno, na mahindi hayo yakopeshwe kuanzia Januari kwa kurejeshwa mavuno yajayo. Ghala lina masharti yake. Mahindi yakaushwe vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5, kwa sababu mahindi mabichi huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Mifuko isiyopitisha hewa, inayojulikana kama kinga njaa, huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa bila dawa yoyote, ilimradi imefungwa barabara. Afisa Ugani wa kata atawaonyesha namna ya kuitumia.

Kama mavuno yameharibika kijiji kizima, hapo ndipo taarifa inapopaswa kutoka nje ya kijiji. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hununua nafaka katika mikoa yenye ziada ikiwamo Katavi, na wakati wa upungufu Serikali hupeleka chakula cha hifadhi katika maeneo yenye uhitaji, kwa kutegemea taarifa zinazotoka chini. Kijiji kisichoripoti hakionekani.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia mkoani hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kwa hiyo njia ya taarifa ipo: kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji kwenda kwa Mtendaji wa Kijiji, kwa Mtendaji wa Kata, hadi kamati ya wilaya. Kinachokwamisha mara nyingi ni taarifa yenyewe. Kusema kwamba watu wengi wameathirika hakumsaidii anayepanga magunia na maturubai. Jirani mwenye daftari na kalamu anaweza kuandika siku ileile mambo haya: tarehe na saa, jina la kitongoji, idadi ya kaya, idadi ya watoto, wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu, kilichoharibika, na mahali walipohifadhiwa waathirika. Ukurasa huo mmoja huenda ukawa msaada mkubwa kuliko gunia la mtu yeyote. Moto unapotokea, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Utabiri nao ni sehemu ya ujirani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za Msimu kabla hazijaanza, na eneo letu hutajwa katika kanda ya magharibi pamoja na Tabora na Kigoma. Mwenye redio au simu amsomee asiye nayo. Wanaoishi mabondeni wakubaliane mapema ni nyumba zipi za mwinuko zitawapokea maji yakija, na ni nani atakayembeba mzee asiyeweza kutembea.

Wakazi wa Sitalike na wengine wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi wanajua janga jingine: viboko, tembo na mamba. Mtu akijeruhiwa au kuuawa na mnyamapori, kanuni za mwaka 2011 zinaelekeza familia ipewe kifuta machozi. Mazao yakiharibiwa, mwenye shamba anastahili kuombewa kifuta jasho. Si fidia ya thamani yote ya kilichopotea, lakini ni haki. Haki hiyo hupotea pale uharibifu unaporipotiwa baada ya nyayo kufutika. Mfiwa au mwenye shamba huwa amechanganyikiwa. Jirani ndiye anayepaswa kwenda kwa Mtendaji wa Kijiji siku hiyohiyo ili Afisa Wanyamapori aitwe kufanya tathmini.

Kwa kaya maskini sana upo pia Mpango wa Kunusuru Kaya unaoendeshwa na TASAF, ambao hutoa ruzuku pamoja na ajira za muda katika miradi ya jamii. Kaya za mpango huo hutambuliwa kwanza na wanajamii wenyewe katika mkutano wa kijiji, kisha taarifa zao huhakikiwa. Maana yake ni kwamba majirani ndio mashahidi wa kwanza. Anayenyamaza kwa sababu ya urafiki, jina la mwenye uwezo linapotajwa, amechukua nafasi ya maskini na kumpa mwingine.

Shida isiyoonekana

Fungu la tatu ndilo gumu, kwa sababu halipigi yowe. Njia yake ni kutembeleana kwa mpango. Katika kila kundi la nyumba kumi hivi, watu wawili wakubaliane kupita mara moja kwa wiki kwa wazee wanaoishi peke yao, kwa wagonjwa wa muda mrefu na kwa wahamiaji wapya. Wasipite kwa kuchunguza mambo ya watu. Wasalimie, waulize kama maji yapo, kama dawa zimekwisha, kama watoto wamekwenda shule.

Wanapokuta jambo linalozidi uwezo wao, ofisi zipo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hutambuliwa ili wapate matibabu bila malipo. Mtendaji wa Kijiji na Afisa Ustawi wa Jamii hushughulikia utambuzi huo. Mhudumu wa Afya ya Jamii huwafuatilia wagonjwa nyumbani. Mtoto anayeteswa, anayeozeshwa au anayetumikishwa aripotiwe kwa simu namba 116, isiyo na malipo, au kwa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji. Kuhusu bima ya afya, ambayo sheria yake ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, ulizia utaratibu wa kujiunga katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Msaada wa namna hii unadai staha. Anayesaidiwa unga asitangazwe mkutanoni wala kupigwa picha asiyoiridhia. Ugonjwa wa mtu si habari ya kisimani. Watu wengi huvumilia njaa kuliko aibu, na tukiwaaibisha hawatatuambia tena.

Lazima pia tuseme jambo ambalo si jepesi. Ujirani unaweza kuokoa, na unaweza kuangamiza. Miaka migumu inapokuja, watu hutafuta wa kumlaumu, na mara nyingi anayelaumiwa ni yule asiye na mtetezi: bibi kizee mwenye macho mekundu kwa sababu ya kupikia kuni katika moshi kwa miaka 50, mtu mwenye ualbino, au mhamiaji wa juzi. Tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya wazee katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa. Mvua haikatiki kwa sababu ya macho ya bibi. Jirani anayesikia vitisho vya namna hiyo ana wajibu wa kutoa taarifa polisi au kwa Mtendaji siku hiyohiyo, kabla usiku haujaingia.

Nani anabeba mzigo?

Tukiutazama msiba wowote katika vijiji vyetu, tutaona wanaume wamekaa kwenye viti na mikeka, na wanawake wako kisimani, jikoni na kwa mgonjwa. Michango ya fedha huandikwa katika daftari. Michango ya ndoo za maji haiandikwi. Kikundi kinachotaka kudumu kiihesabu kazi hiyo na kuigawa. Vijana wanaweza kuchota maji kwa baiskeli na pikipiki, na wanaume wanaweza kulala zamu hospitalini. Msaada unaowategemea watu walewale kila mara hufika siku watu hao wakachoka.

Mambo ya kuuliza katika mkutano ujao

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Tunashauri maswali matano yafuatayo yaingizwe katika ajenda kabla ya mvua za Novemba:

1. Kaya zilizohamia mwaka huu ni zipi, na ni kikundi gani kimezikaribisha?

2. Wajumbe wa kamati ya maafa ya kijiji ni akina nani, na daftari la taarifa linatunzwa wapi?

3. Kijiji kina akiba gani ya chakula kwa ajili ya Januari na Februari, na nani ana funguo za ghala?

4. Ni wazee na watu wenye ulemavu wangapi wanaoishi bila msaidizi, na nani huwatembelea?

5. Vikundi vyetu vimesajiliwa, na hesabu zao husomwa mbele ya wanachama?

Kijiji kinachoweza kuyajibu yote matano kimekwisha kujiandaa. Kile kisichoweza kimejua pa kuanzia, na Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Ugani wapo kwa ajili ya kukisaidia. Huduma zao hazina malipo. Yeyote atakayekudai fedha ili jina lako liandikwe katika orodha ya msaada, toa taarifa zake katika ofisi ya Halmashauri.

Wananchi wanaombwa kuisoma makala hii pamoja na wale wasiojua kusoma, na kuibandika katika ubao wa matangazo wa kijiji baada ya kuisoma.